Swali la Kijana wa Magamba

Jumapili moja, miezi michache iliyopita, nilimwadhibu mwanangu kwa kosa ambalo hakulitenda. Naanza na ungamo hili kwa sababu makala ya leo, ingawa ni ya sayansi, haina budi kuanzia jikoni kwangu, na huenda ikaishia jikoni kwako.

Mambo yalikuwa hivi. Mama yao alikuwa amejaza maji katika chupa ya kioo, akaifunga kifuniko barabara, akaniomba niitie katika jokofu ili yapoe upesi. Nikaiweka sehemu ya kugandishia, nikaisahau. Asubuhi ya pili mwanangu, ambaye yuko darasa la nne, alifungua jokofu, na punde nikasikia vipande vya kioo vikianguka sakafuni. Nilipofika nilimkuta amesimama, macho yamemtoka. "Baba, nimeikuta imepasuka yenyewe," akasema. Nikamjibu kwamba chupa haipasuki yenyewe, na kwamba uongo ni mbaya kuliko hasara ya chupa. Siku ile hakwenda kucheza mpira.

Chupa ile, ndugu msomaji, ilipasuka yenyewe. Nilikuja kulitambua hilo nikiwa mbali na nyumbani, katika milima ya Usambara, katika mazungumzo yaliyoanza kwa habari ya sufuria ya maharage.

MAHARAGE YASIYO NA HARAKA

Nilikuwa nimetumwa Lushoto kuandika habari za wakulima wa mboga. Msafiri aendaye huko huiacha barabara kuu pale Mombo, kwenye joto la tambarare, akaanza kupanda. Barabara hujizungusha mlimani, hupita Soni penye maporomoko ya maji, na kabla abiria hajafika mjini amekwisha kuvaa sweta. Mji wa Lushoto uko kadiri ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani walipoutawala waliuita Wilhelmstal, wakaupenda kwa ubaridi wake.

Jioni ile nilikuwa mgeni wa mzee mmoja, mwalimu mstaafu. Chakula kilichelewa. Mzee akanitazama nilivyokuwa nikitupia jicho jikoni, akacheka. "Vumilia, mwanangu. Huku juu maharage hayana haraka. Maji ya Lushoto huchemka kabla hayajawa moto sawasawa."

Nilidhani ananitania, lakini lilikuwa neno la kweli. Maji hutokota pale mvuke wake unapopata nguvu ya kuisukuma hewa inayoyakandamiza kutoka juu. Pwani, mathalani Tanga au Dar es Salaam, hewa ni nzito na maji hutokota yafikapo nyuzi 100 za Selsiasi. Ukipanda mlimani uzito wa hewa hupungua, na kwa kila mita 300 hivi maji hutokota nyuzi moja mapema zaidi. Lushoto, basi, hutokota kwenye nyuzi 95 au zaidi kidogo. Na maji yakishatokota hayaongezeki joto hata ukichochea kuni vipi. Kinachoongezeka ni mvuke tu. Kwa hiyo maharage ya Lushoto hupikwa katika maji yenye joto pungufu, na ni lazima yakae motoni muda mrefu zaidi.

Hapo ndipo mzee aliponiuliza kama ninaijua habari ya kijana wa Magamba. Nikakiri kwamba siijui. Akanielekezea kwa mkono upande wa msitu, ambako barabara hupanda kutoka mjini kuelekea Magamba, akaanza kunisimulia. Niliporudi Dar es Salaam niliitafuta habari hiyo katika maandishi, nikaona kwamba mzee hakutia chumvi.

AISKRIMU YA MWAKA 1963

Mwaka 1963 mwanafunzi mmoja aitwaye Erasto Mpemba alikuwa Kidato cha Tatu katika Shule ya Sekondari Magamba. (Wapo wanaodhani kwamba jina hilo lahusu kisiwa cha Pemba, la hasha, ni jina la mtu.) Wanafunzi wa pale walikuwa na desturi ya kujitengenezea aiskrimu. Walinunua maziwa kwa akina mama wa jirani, wakayachemsha, wakayatia sukari, wakayaacha yapoe, kisha wakayaweka katika jokofu la shule. Wanafunzi walikuwa wengi na jokofu lilikuwa moja, kwa hiyo nafasi iligombewa.

Siku moja Mpemba alikuwa akichemsha maziwa yake. Mwenzake mmoja, alipoona nafasi zakaribia kwisha, aliyakoroga maziwa yake na sukari bila kuyachemsha, akakimbilia jokofu. Mpemba akaona kwamba akisubiri maziwa yapoe atakosa nafasi ya mwisho. Basi akapiga moyo konde, akayaingiza yakiwa ya moto vile vile, hata kama jokofu lingeharibika.

Baada ya saa moja na nusu wote wawili wakaenda kutazama. Maziwa ya Mpemba, yaliyoingia yakiwa ya moto, yalikuwa yameganda. Ya mwenzake, yaliyoingia yakiwa ya baridi, yalikuwa bado uji uji.

Kijana akaenda kwa mwalimu wake wa fizikia kuuliza sababu. Mwalimu akamjibu kwamba amechanganyikiwa, jambo kama hilo haliwezekani. Kijana akanyamaza; lakini kunyamaza si kukubali. Wakati wa likizo, mjini Tanga, rafiki yake mmoja aliyekuwa akiuza aiskrimu alimwambia kwamba yeye naye huyaingiza maziwa yakiwa ya moto, kwa sababu huganda upesi. Wauza aiskrimu wa Tanga walilijua jambo hilo kwa kazi ya mikono yao. Hawakuwa na habari kwamba haliwezekani.

Baada ya Magamba, Mpemba alikwenda Iringa, katika Shule ya Sekondari ya Mkwawa. Huko walipofundishwa somo la kupoa kwa vitu, akauliza tena. Mwalimu wa huko naye akamkana, na hatimaye akasema kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo ikawa mzaha wa darasa: kila alipokosea hesabu, wenzake walimcheka kwamba hiyo ni hesabu ya Mpemba. Msomaji aliyewahi kuchekwa darasani anaujua uchungu wake. Wengi wetu tungaliliacha swali hilo life.

Yeye hakuliacha. Siku moja alipoikuta maabara ya biolojia iko wazi, alichukua vyombo viwili, kimoja akakitia maji ya bomba na kingine maji ya moto, akaviweka katika sehemu ya kugandishia. Baada ya saa moja akaona barafu imeanza zaidi katika kile kilichokuwa na maji ya moto.

Kisha ikatokea bahati. Dr. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakati kilipokuwa bado Chuo Kikuu Kishiriki, alizuru shule ya Mkwawa kuzungumza na wanafunzi. Mwisho wa mazungumzo akakaribisha maswali. Mpemba akasimama, akauliza: ukichukua vyombo viwili vya maji ya kiasi sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka katika jokofu, kile cha nyuzi 100 huganda kwanza, ni kwa nini? Wenzake wakacheka, wengine wakaona haya kwa niaba yake. Osborne naye hakuamini. Lakini hakumcheka. Alimwuliza kama kweli ameliona jambo hilo kwa macho yake, akaahidi kulijaribu.

Aliporudi Dar es Salaam akampa kazi hiyo fundi wa maabara. Fundi akaleta taarifa kwamba maji ya moto yameganda kwanza, ila akaongeza kwamba ataendelea kurudia jaribio mpaka apate jibu sahihi! Akarudia; jibu likawa lile lile. Mwaka 1969 makala yao wawili, Mpemba na Osborne, ilitoka katika jarida la Uingereza la walimu wa fizikia, Physics Education. Wakati huo Mpemba alikuwa katika Chuo cha Uhifadhi wa Wanyamapori, Mweka, karibu na Moshi. Hakuja kuwa mwanafizikia. Aliingia katika kazi ya wanyamapori. Lakini jambo aliloliona Magamba linaitwa mpaka leo, katika lugha nyingi za dunia, Tokeo la Mpemba.

BASI LA DAR ES SALAAM NA BASI LA CHALINZE

Tusiwaonee walimu wale wawili. Jibu lao lilikuwa na hoja nzito. Fikiri mabasi mawili yaendayo Mombo. Moja laondoka Dar es Salaam, jingine laondoka Chalinze, saa ile ile. Lile la Dar es Salaam ni lazima kwanza lifike Chalinze, ndipo liendelee mbele. Litafikaje Mombo kwanza? Ndivyo na maji. Maji ya nyuzi 100 ni lazima kwanza yashuke yafike nyuzi 35, pale maji ya pili yalipoanzia safari. Kwa hesabu hiyo, mwalimu alikuwa na haki ya kushangaa. Hakuwa na haki ya kukataa kutazama.

Ila hesabu hiyo ina tundu. Inachukulia kwamba basi la Dar es Salaam, lifikapo Chalinze, ni sawa kabisa na lile lililolala Chalinze. Je, kama njiani limeshusha abiria na mizigo, na injini yake imekwisha kupata moto? Hali kadhalika maji yaliyoshuka kutoka nyuzi 100 hadi 35 huenda yasiwe sawa na maji yaliyoanzia 35. Mengine yamekwisha kwenda mvuke, kwa hiyo yaliyobaki ni machache. Hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani yake imetoka. Ndani ya chombo maji yanazunguka, ya moto yakipanda na ya baridi yakishuka, na uso wa maji hubaki na joto linalopotea upesi. Tena chombo cha moto huyeyusha utandu wa barafu ulio chini yake, kikagusana vizuri na ubaridi wa jokofu.

Kila moja ya sababu hizi imewahi kutajwa na wataalamu. Mpemba na Osborne wenyewe walipima, wakaona kwamba upungufu wa maji kwa sababu ya mvuke hautoshi kulieleza jambo lote, na kwamba joto jingi hutokea usoni pa maji. Lakini ili tuelewe kwa nini kitu tunachokinywa kila siku kiwasumbue wataalamu namna hii, ni lazima tumtazame mzazi wake.

MZAA MAJI

Mzazi huyo ni haidrojeni. Jina lenyewe, lililotolewa na Mfaransa Lavoisier katika karne ya 18, linatokana na Kigiriki na maana yake ni mzaa maji. Kabla yake, mwaka 1766, Mwingereza Henry Cavendish alikuwa ameipambanua hewa hiyo na hewa nyingine, akaona kwamba inawaka. Na baadaye akaonyesha kwamba ikiungua hutoa maji. Haidrojeni ndiyo nyepesi kuliko vitu vyote vya asili. Ni hewa isiyo na rangi wala harufu, na hushika moto kwa ukali. Oksijeni nayo ndiyo inayofanya moto uwake. Viwili hivi, kimoja kiwakacho na kingine kiwashacho, vikiungana huzaa maji, ambayo ndiyo tunayozimia moto! Katika kila kilo 9 za maji, kilo 1 ni haidrojeni na kilo 8 ni oksijeni.

Chembe ndogo kabisa ya maji huitwa molekuli. Kila molekuli ina atomu moja ya oksijeni na atomu mbili za haidrojeni zilizojishikiza kwake, si katika mstari ulionyooka bali kwa kupinda, kama kichwa chenye masikio mawili. Oksijeni ina uchoyo: elektroni inazoshirikiana na haidrojeni huzivutia zaidi kwake. Kwa hiyo upande wa oksijeni huwa na chaji hasi kidogo, na upande wa haidrojeni chaji chanya kidogo. Hasi na chanya huvutana. Basi haidrojeni ya molekuli hii huvutwa na oksijeni ya molekuli jirani, na jirani huyo naye huvutana na mwingine. Mshikamano huu wataalamu huuita bondi ya haidrojeni. Nguvu yake ni ndogo, kadiri ya sehemu moja katika ishirini ya ile inayoiunga molekuli yenyewe, na molekuli za maji hushikana na kuachana kwa wepesi usiokadirika. Lakini wanyonge wakiwa wengi si wanyonge tena.

Tazama nguvu yao. Iko hewa nyingine inayofanana na maji kwa umbile, ila mahali pa oksijeni pana salfa; ndiyo ile inayonuka katika yai viza. Molekuli yake ni nzito kuliko ya maji, na kwa kawaida kizito huwa kigumu kugeuka mvuke. Lakini hewa hiyo hutokota kwenye nyuzi 60 chini ya sifuri! Maji, ambayo ni mepesi kuliko hiyo, hungoja mpaka nyuzi 100 juu ya sifuri, kwa sababu molekuli zake zimeshikana. Pasipo bondi ya haidrojeni dunia isingekuwa na bahari, wala mto, wala damu mwilini mwa mtu.

Kwa sababu hiyo hiyo maji hulimeza joto jingi kabla ya kupanda, na hulishikilia kabla ya kushuka. Ndiyo maana mchana mchanga wa ufuoni Tanga huunguza nyayo ilhali maji ya bahari kando yake ni vuguvugu tu. Tena, kuyageuza maji yaliyokwisha kutokota yawe mvuke huhitaji joto zaidi ya mara tano ya lile la kuyapasha kutoka nyuzi 0 hadi 100. Mtungi wa udongo hufanya kazi kwa kanuni hiyo: maji machache hupenya ukutani, yakawa mvuke, na mvuke huo huondoka na joto la maji yaliyobaki ndani. Na wewe mpishi, sufuria yako ikishatokota, punguza moto na ufunike. Kuuacha uwake kwa nguvu hakuharakishi maharage. Ni kugeuza mkaa wako kuwa mvuke wa kupaka dari.

Sasa twarudi kwenye chupa yangu. Vitu vingi vikipoa hujikunja, na vikiganda hujikunja zaidi. Maji nayo hujikunja yanapopoa, lakini mpaka nyuzi 4 tu. Yakishuka chini ya hapo huanza kutanuka. Yanapoganda, kila molekuli hushikana na wenzake wanne kwa mpango maalumu, na mpango huo huacha nafasi tupu katikati, kama watu walioshikana mikono iliyonyooshwa, ambao huhitaji uwanja mkubwa kuliko waliosongamana. Hivyo maji yakiwa barafu huongezeka kwa kadiri ya asilimia 9. Lita moja ya maji hutaka nafasi ya mililita 90 zaidi. Ndiyo sababu barafu huelea katika bilauri. Na ndiyo sababu chupa ya kioo iliyojazwa mpaka shingoni na kufungwa barabara hupasuka usiku wa manane, bila mkono wa mtoto yeyote.

Mwanangu alikuwa amesema kweli. Nami nilikuwa nimempa jibu lile lile la Magamba: haiwezekani.

BISHARA HAIJAISHA

Ungependa nikuambie kwamba wataalamu wamekubaliana kuhusu Tokeo la Mpemba. Hawajakubaliana. Jambo lenyewe ni la kale. Aristotle wa Ugiriki na, karne nyingi baadaye, Bacon na Descartes wa Ulaya waliligusia katika maandishi yao. Mwaka 2012 chama cha wanakemia wa Uingereza, Royal Society of Chemistry, kilitangaza shindano la kutafuta maelezo yaliyo bora, na majibu zaidi ya 22,000 yakapokelewa kutoka pande zote za dunia. Mshindi alikuwa Nikola Bregović wa Chuo Kikuu cha Zagreb, Kroatia. Hata hivyo ubishi haukwisha. Mwaka 2013 kundi la wataalamu wa Singapore lilitoa hoja kwamba siri imo katika bondi ya haidrojeni yenyewe: kwamba bondi zilizonyooshwa na joto huliachilia upesi zaidi maji yanapopoa. Wengine hawakuridhika.

Mwaka 2016 wataalamu wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walirudia majaribio kwa uangalifu mkubwa, wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto hupoa upesi kuliko ya baridi; wakaonyesha pia kwamba kukiinua au kukishusha kipimajoto sentimita moja tu kwaweza kubadili jibu. Lakini mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer, wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser nchini Kanada, waliitumia chembe ndogo sana ndani ya maji, isiyoonekana kwa macho matupu, wakaonyesha kwamba katika mpango wao mfumo wa moto zaidi waweza kweli kuwahi kupoa kabla ya ule wenye joto la wastani.

Ugumu ni kwamba maji ni kigeugeu. Huweza kupoa chini ya sifuri yasigande mpaka yapate kishawishi, hata kama ni vumbi. Aina ya chombo, uchafu katika maji, mahali kilipowekwa, hata maana ya neno "kuganda", ikiwa ni utandu wa kwanza au bonge zima, vyote hubadili matokeo. Mpemba hakudai kwamba maji ya moto hushinda kila siku na kila mahali. Alisema: nimeliona, ni kwa nini? Na kwa swali hilo vyuo vikuu bado vinajaribu na kupima mpaka leo.

JARIBIO LA JUMAPILI

Niliporudi kutoka Lushoto nilimwita mwanangu, nikamwambia mbele ya mama yake na ndugu zake kwamba siku ile ya chupa mimi ndiye niliyekosea. Hakusema mengi. Aliuliza tu, "Ulijuaje, baba?" Nikamsimulia habari ya Mpemba. Alipoisikia yote akasema, "Basi na sisi tujaribu."

Tukajaribu, nawe waweza kujaribu. Chukua vikombe viwili vya bati au vya plastiki ngumu, vinavyolingana; vya kioo usitumie. Pima maji ya kiasi sawa, mathalani nusu kikombe, wala usivijaze. Kimoja kiwe na maji ya bomba, kingine maji yaliyochemshwa. Kazi ya kumimina maji ya moto aifanye mtu mzima. Viweke pamoja katika sehemu ya kugandishia, ndani ya sinia ili visimwagike. Tazama kila baada ya robo saa, na mtoto aandike katika daftari: saa ngapi, kikombe kipi, barafu kiasi gani. Siku nyingine badilisha nafasi, cha kushoto kiwe kulia, maana huenda upande mmoja wa jokofu una baridi zaidi. Rudia mara nyingi. Umeme ukikatika katikati, futa jaribio la siku hiyo uanze upya.

Sisi tulijaribu mara sita. Mara nne maji ya baridi yaliganda kwanza. Mara mbili yaliganda kwanza ya moto. Baada ya mara ya tatu nilitaka tuache, kwa kuwa mpaka hapo ya baridi yalikuwa yameshinda zote na nilidhani hakuna cha kuona. Ni yeye aliyekataa. Tena ameandika yote, yaliyotupendeza na yasiyotupendeza, na daftari lake liko juu ya jokofu.

Ndugu mzazi, nawe ndugu mwalimu: si kila mtoto aulizaye maswali atakuwa Mpemba, na si kila asemacho mtoto ni kweli. Watoto hukosea, na wakati mwingine hudanganya. Lakini kuna tofauti kati ya kumwambia mtoto "umechanganyikiwa" na kumwambia "twende tukatazame". Neno la kwanza ni jepesi, nalo hulifunga swali. La pili hugharimu nusu kikombe cha maji na saa chache za Jumapili. Erasto Mpemba aliambiwa neno la kwanza Magamba, akaambiwa tena Iringa, akapona kwa sababu tu alikuwa na moyo mgumu, na kwa sababu alitokea mtu mmoja aliyekubali kwenda kutazama. Hatuna hesabu ya walioambiwa hivyo wakanyamaza moja kwa moja.

Wiki hii mwanangu ana swali jipya. Anataka kujua kwa nini maji ya chumvi tuliyoyaweka jokofuni hayakuganda kama yale mengine. Najua sehemu ya jibu, lakini nimejizuia kulitoa. Vikombe vimekwisha kuoshwa, na tumekubaliana kuanza Jumapili, baada ya chakula cha mchana.